Maswali Yenu: Yule dairekta Mwitaliano aliyeshuti Kigoma

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kijana wangu kaniwekea kwenye simu muvi ya zamani ya Yesu, ile isiyo na rangi, mara nasikia kwaya inaimba Gloria kwa ngoma za kwetu kabisa. Ananiambia dairekta ni Mwitaliano anaitwa Pasolini na eti hakuwa hata mtu wa dini, na kwenye grupu letu kuna mtu anadai huyo huyo alishawahi kufika huku Kigoma na kamera. Kweli au stori za vijiweni? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Kweli tupu mzee wangu, tena yote. Tuanze na kwaya. Hiyo ni Missa Luba, misa ya Kilatini iliyopigwa kwa midundo ya Kiluba, wakaiimba vijana na walimu wa Kamina kule Katanga, Kongo (Kiswahili wanakiongea vizuri tu hao) chini ya padri Mbelgiji, Guido Haazen. Ilirekodiwa mwishoni mwa miaka ya 50, Pasolini akaichukua kwenye santuri akaipachika kwenye filamu yake ya 1964.

Na kuhusu dini, mwaka 1963 mahakama ya Italia ilimhukumu kwa kukashifu dini kwenye filamu yake fupi, mwaka unaofuata anatoa hiyo muvi yenu, Injili ya Mathayo, na wakatoliki wenyewe wanampa tuzo kule Venice! Alikuwa mkomunisti, tena chama chenyewe kilishamfukuza 1949, na alisema wazi kwamba haamini. Ila mimi naona ndo maana filamu ikatoka vile, hakuongeza mahubiri yake, maneno karibu yote kayatoa kwa Mathayo. Alienda Palestina kutafuta maeneo akaona pameshakuwa pa kisasa mno, akarudi kushuti kusini mwa Italia, Matera, mji wa mapango ambao wakati huo ulikuwa hohehahe. Yesu ni mwanafunzi wa Kihispania ambaye hajawahi kuigiza, na yule Maria mzee anayelia msalabani ni mama mzazi wa Pasolini.

Sasa Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya 60 alizunguka Tanzania na Uganda, anataka kuichukua tamthilia ya Kigiriki ya Aeschylus, ile ya Orestes, aiweke kwenye Afrika iliyotoka kupata uhuru. Kwa hiyo alikuwa anashuti watu sokoni na barabarani, anawaza huyu atafaa kuwa mfalme, huyu awe kwenye kwaya ya tamthilia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwake kikawa hekalu la Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale hahaha. Filamu kamili hakuitengeneza, zilibaki "maandalizi" tu ya saa moja na kidogo. Utamu wenyewe uko pale anaporudi Roma na kuwaonyesha wanafunzi wa Kiafrika hizo picha, maana hawakumpigia makofi, walimkosoa kwamba anaongelea Afrika kana kwamba ni kijiji kimoja. Mimi niko upande wao. Lakini pia nampa heko kwamba ule ubishi hakuukata, kauacha humo humo watu wauone.

SWALI: Dada mhariri, Pasolini alisomea wapi filamu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Wala hakusomea mpenzi, alikuwa mshairi. Kazaliwa Bologna 1922, baba mwanajeshi mama mwalimu, akaanza kuandika mashairi kwa lugha ya nyumbani kwa mama yake, mkoa wa Friuli kaskazini mashariki mwa Italia. Mwaka 1950 akahamia Roma na mama, hana kitu, wanakaa uswahilini huko pembezoni, na ndo akajifunza lugha ya wahuni kiasi kwamba dairekta maarufu Fellini akamwita amsaidie madayalogi ya filamu yake ya 1957. Ya kwake ya kwanza, Accattone, ni ya 1961. Aliuawa Ostia, ufukweni karibu na Roma, tarehe 2 Novemba 1975, kijana wa miaka 17 akafungwa, halafu 2005 huyo aliyefungwa akageuka akasema sio yeye aliyeua, na hadi leo watu wanabishana.

Ukitaka kumjua anza na hiyo Accattone. Salò, ile ya mwisho, ina ukatili na ngono za kutisha, iache kwanza, na siku ukiamua kuiangalia hakikisha watoto wameshalala na mlango umefungwa.