Ndoto za kutisha baada ya kukesha na muziki usiofahamika: je, muziki ndio wa kulaumiwa?

Swali: Nimekuwa na mazoea ya kukesha nikitafuta muziki ambao watu wengi hawaujui: rekodi za zamani zilizojaa mikwaruzo, vipande virefu vya mivumo isiyo na maneno, wanamuziki ambao hata majina yao ni vigumu kuyapata. Hulala saa nane au saa tisa usiku, mara nyingi hedifoni zikiwa bado masikioni, na huamshwa na simu asubuhi. Tangu nianze mtindo huu ndoto zangu zimekuwa za ajabu na za kutisha. Wakati mwingine huamka nikiwa siwezi kusogeza hata kidole, huku nikisikia mvumo chumbani. Juzi niliamka na wimbo kichwani ambao siamini kwamba niliwahi kuusikia. Je, muziki ndio unaonisababishia haya, na je, niuache? Na wimbo ule ulitoka wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, nitangulize jibu kabla ya maelezo. Muziki unachangia sura ya ndoto zako, lakini saa unayolala ndiyo inayochangia zaidi ukali wake na uwezo wako wa kuzikumbuka. Kwa hiyo sikushauri uuache muziki, ila uuhamishe. Mambo hayo mawili hutokea kwako usiku mmoja, na ndiyo sababu yanaonekana kama jambo moja. Kazi yangu hapa ni kuyatenganisha.

Usingizi haubaki wa namna moja tangu unapofumba macho hadi asubuhi. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha uchunguzi wao kuhusu vipindi ambavyo macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na tangu hapo imefahamika kwamba ndoto ndefu, zenye visa na hisia nzito, hutokea zaidi katika vipindi hivyo, ambavyo huitwa usingizi wa REM. Kwa mtu mzima vipindi hivyo hufikia robo ya usingizi wote au pungufu kidogo. Hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, mwanzoni kwa dakika chache tu, kisha kwa muda mrefu zaidi kadiri usiku unavyosonga. Wengi hudhani kwamba ratiba hii huanza kuhesabiwa pale mtu anapolala, na hilo ni kweli kwa sehemu tu, kwa kuwa saa ya ndani ya mwili nayo huisukuma REM kwa nguvu zaidi karibu na mapambazuko, muda mfupi baada ya joto la mwili kushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa.

Sasa tazama hali yako. Anayelala saa nne usiku huwa na saa kadhaa zenye usingizi mzito mwingi kabla msukumo huo haujafika kileleni. Wewe unayelala saa tisa unaingia kitandani msukumo ukiwa umekwisha kupanda, na ingawa usingizi mzito bado hudai sehemu yake kwanza, REM hufika mapema na kwa nguvu. Kisha simu inalia saa kumi na mbili au saa moja, wakati ambao uwezekano wa kukukuta katikati ya ndoto ni mkubwa sana. Anayeamshwa kutoka katika REM hukumbuka ndoto mara nyingi zaidi kuliko anayeamka kutoka katika hatua nyingine za usingizi, kwa hiyo huenda huoti zaidi ya zamani, bali unakatizwa ndoto ambazo zamani zilipita na kusahaulika. Na siku unayopata nafasi ya kulala hadi mchana, ubongo hufidia REM uliyoikosa kwa vipindi virefu na vikali zaidi, jambo ambalo bila shaka umeliona katika ndoto za siku za mapumziko.

Kwa nini basi ziwe za kutisha? Wakati wa REM, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu, huwa na shughuli nyingi, ilhali maeneo ya mbele ya ubongo ambayo mchana hupima mambo na kusema “hili haliwezekani” huwa yamepunguza kazi. Hofu inapata nafasi, mkosoaji hayupo. Hali hiyo humpata kila mtu kila usiku. Kinachotofautisha ndoto ya mtu mmoja na ya mwingine ni malighafi iliyoingia kichwani, na hapo ndipo muziki wako unapoingia.

Sauti zenye mkwaruzo, hasa zile ambazo nguvu yake hupanda na kushuka kwa haraka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, zina tabia moja na mayowe ya binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba sauti za aina hiyo huamsha amigdala zaidi ya sauti laini. Baadhi ya muziki wa majaribio hutumia mkwaruzo huo kwa makusudi, na kanda zilizochakaa zinaweza kuwa nao bila mtu kukusudia. Ukisikiliza sauti hizo dakika chache kabla ya kulala, sishangai zikikufuata. Lakini zingatia kwamba mabaki ya siku huingia ndotoni usiku uleule na mara nyingi hurudi tena baada ya siku 5 hadi 7. Ndiyo maana kuacha muziki kwa usiku mmoja na kupima matokeo hakuthibitishi lolote: ndoto ya leo inaweza kuwa inafanyia kazi rekodi ya juma lililopita.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kinachokuumiza zaidi ni kitendo cha kutafuta. Mwaka 2013 watafiti waliwasikilizisha watu nyimbo wasizozijua wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa nafasi ya kutoa fedha kuzinunua. Walikuta kwamba thamani ambayo mtu aliupa wimbo mpya ilikwenda sambamba na shughuli katika sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia na kupata tuzo, pamoja na mawasiliano kati ya sehemu hiyo na maeneo ya kusikia. Muziki usioufahamu huufanya ubongo ukisie kitakachofuata, na kila ukisio, ukitimia au ukivunjika kwa namna ya kupendeza, humfanya msikilizaji atake kipande kingine. Kazi hiyo ni nzuri saa kumi na mbili jioni. Saa saba usiku inakunyima usingizi, hasa ukiongeza mwanga wa skrini ambao hupunguza melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza hata wanaoujua muziki vizuri. Mwaka 2021 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor nchini Marekani walichunguza nyimbo zinazoganda kichwani na kugundua kwamba watu waliosikiliza nyimbo maarufu zilizoondolewa maneno kabla ya kulala waligandwa zaidi, na walilala vibaya zaidi, kuliko waliosikiliza nyimbo zilezile pamoja na maneno yake. Ubongo pia uliendelea kuuchakata muziki huo mtu akiwa tayari amelala. Nyimbo za utafiti huo zilikuwa zinafahamika, kwa hiyo matokeo yake hayahamii moja kwa moja kwenye mivumo unayoipenda, lakini yanatosha kuondoa dhana kwamba muziki usio na maneno ni salama kwa usingizi kwa sababu tu hauna maneno.

Hedifoni zitoe. Si kwamba kila unachosikia usingizini kinageuka ndoto: katika jaribio la William Dement na Edward Wolpert la mwaka 1958, mlio wa kawaida uliingia katika ndoto kwa takriban asilimia 9 tu ya majaribio, wakati matone ya maji yaliyonyunyizwa kwenye ngozi yaliingia kwa asilimia 42. Tatizo ni kwamba sauti inayobadilikabadilika hukugutusha kidogo kidogo bila wewe kujua, na kila mguto ni nafasi mpya ya kukumbuka ndoto. Kama ukimya unakusumbua, tumia spika iliyo mbali na kitanda, sauti ikiwa ya chini, na uipangie ijizime yenyewe baada ya nusu saa. Zile rekodi zinazotangazwa kwamba mawimbi yake yanapeleka ubongo moja kwa moja katika usingizi mzito, ukizipenda zisikilize kama muziki, ila ushahidi wa madai hayo bado ni hafifu.

Kuhusu kuamka ukiwa huwezi kusogea, hali ambayo wengi huieleza kama kukabwa na jinamizi, hofu yake ni kubwa kuliko hatari yake. Katika REM ubongo hulegeza karibu misuli yote ili mwili usiigize ndoto. Mara nyingine fahamu hurudi kabla ulegevu huo haujaondoka, na mabaki ya ndoto yakachanganyika na chumba halisi. Mvumo, mlio wa nyuki, hatua za mtu na hisia kwamba kuna aliyesimama karibu ni mambo yanayosimuliwa mara kwa mara hata na watu ambao hawasikilizi muziki wa aina yako, kwa hiyo usiulaumu muziki kwa hilo. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliojumlisha tafiti nyingi ulikadiria kwamba karibu asilimia 8 ya watu kwa jumla wamewahi kupatwa na hali hii, na miongoni mwa wanafunzi kiwango kilikuwa karibu asilimia 28. Huchochewa na kulala kwa saa zisizotabirika, kupungukiwa usingizi na kulala chali. Ikikupata, usipambane kuuinua mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kidole kimoja au kwenye pumzi, nayo itapita ndani ya muda mfupi.

Utaratibu ninaokupendekezea ni kubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Kwa wiki mbili endelea na muziki uleule, lakini utafutaji wote uishe muda wa saa mbili kabla ya kulala, na ulale na kuamka saa zilezile kila siku, zikiwemo siku za mapumziko. Ukihitaji muziki karibu na usingizi, chagua ule unaoujua vizuri kiasi kwamba hakuna cha kukisia. Andika ndoto zako kwa sentensi chache kila asubuhi. Zikitulia, utajua kwamba ratiba ndiyo iliyokuwa na makosa. Zisipotulia, katika wiki mbili zinazofuata punguza zile sauti za mikwaruzo huku ukidumisha ratiba.

Ikiwa kuna ndoto moja inayojirudia, iandike mchana ukiwa macho, ubadilishe kisa chake upendavyo, kisha ukipitie kisa kipya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Njia hii imefanyiwa utafiti wa kutosha. Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 2001 kwa wanawake waliokuwa wakiteswa na ndoto za kutisha baada ya kushambuliwa kingono, nayo ilipunguza ndoto hizo. Mwaka 2022 watafiti wa Geneva waliongeza jambo ambalo nadhani litakuvutia: nusu ya wagonjwa wao 36 walikipitia kisa kipya huku wakisikia kodi moja ya piano, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na kodi hiyohiyo ikapigwa wakiwa katika REM. Kundi hilo lilipata nafuu kubwa zaidi kuliko lile lililosikia kodi usingizini bila kuihusisha na kisa kipya. Sauti iliyofungamanishwa na jambo jema inaweza, basi, kuielekeza ndoto upande huo. Jaribio lilifanywa kwa vifaa vinavyotambua hatua za usingizi, hivyo usijitegee piano iendelee kulia usiku kucha.

Muone daktari kama ndoto hizi zinakupata mara kadhaa kwa wiki na kukufanya uogope kulala, kama zilianza baada ya tukio la kutisha maishani, kama unapiga ngumi au mateke usingizini, au kama unakoroma na kukatika pumzi. Mtajie pia dawa unazotumia. Propranololi ya shinikizo la damu, baadhi ya dawa za sonona, meflokwini ya malaria na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI zinafahamika kwa kuleta ndoto kali, lakini usiache dawa yoyote bila ushauri wake.

Umebaki wimbo wako. Inawezekana kabisa kwamba ni mpya. Utafiti wa Italia wa mwaka 2006 uliokusanya ndoto za wanamuziki na za wasio wanamuziki ulikuta kwamba karibu nusu ya muziki uliokumbukwa haukuwa muziki wa kawaida unaojulikana. Inawezekana pia kwamba uliusikia usiku mmoja ukiwa umesinzia, ukasahau ulipousikia lakini melodia ikabaki. Kwa mtu anayepitia rekodi nyingi zisizo na majina, uwezekano huo wa pili ni mzito, nami ningeuanzia huo. Paul McCartney, aliyesema kwamba melodia ya “Yesterday” ilimjia usingizini, alizunguka kwa muda akiwauliza watu kama wanaujua wimbo huo, akihofia kwamba ameuiba bila kujua. Wewe una nyenzo ambazo yeye hakuwa nazo. Uimbe kwa mdomo na kuurekodi mara tu unapoamka, kabla hujainuka, kwa sababu kumbukumbu za ndoto hupotea ndani ya dakika chache. Kisha uujaribu katika programu zinazotambua nyimbo kwa kuimbiwa, pitia historia ya ulichosikiliza katika wiki mbili zilizotangulia, na uwasikilizishe watu wenye masikio kama yako. Usipopatikana popote, uhesabu kuwa wako.