Excel inatosha kuhesabu masaa ya rubani? Inatosha, ila itakudanganya

Mkuu umeuliza kama Excel inatosha kutunza masaa ya kuruka na ya kazini au ununue programu ya simu. Inatosha, mimi naitumia mwaka wa sita huu, narusha Caravan (ndege ndogo ya abiria), Dar-Zanzibar-mbugani, siku nyingine miruko minane.

Mwaka wa kwanza, mwezi wa saba, wageni wamejaa, nikapiga SUM (jumla) ya masaa ya kuruka ya mwezi ikaniletea 16:40. Nikamwambia jamaa wa ratiba we nipange tu niko mweupe. Kumbe nina masaa 88 na dakika 40! Excel ikifikisha masaa 24 inahesabu siku imeisha inaanza sifuri, siku tatu nzima zimemezwa hivi hivi. Dawa yake fomati ya seli iwe [h]:mm, hayo mabano usiyasahau. Nikaweka na rangi nyekundu iwake masaa yakizidi 90, haikuwaka hata siku moja, maana kwa Excel 90 ni siku 90 😂 andika 90/24.

Halafu limiti yetu ya kuruka ni masaa 100 ndani ya siku 28, sio mwezi, na hizo 28 zinatembea na wewe kila siku. Kama tarehe iko safu A na masaa ya kuruka safu F, weka hii kila mstari ukianza wa pili:

=SUMIFS(F:F,A:A,">"&A2-28,A:A,"<="&A2)

Ya kazini yakae safu yake, yanaanza ukiripoti sio ukiwasha injini. Unaweza ukaruka dakika 40 tu, ishirini kwenda ishirini kurudi, ila umekaa Zanzibar masaa matano unasubiri abiria, hayo yote yanakula.

Na saa sasa, hapa sisi waswahili ndo tunaumia. Nimeripoti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nina usingizi, nikajaza 12:30 badala ya 06:30, siku yangu ya kazi ikapungua masaa sita kwenye karatasi. Na kitabu cha ndege kiko UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma ya yetu masaa matatu), yaani 03:30. Chagua moja, mimi kila kitu UTC. Ukikuta mtu kaandika 1.3 ujue hiyo ni saa moja na sehemu tatu za kumi za saa, yaani dakika 18, sio saa moja na nusu.

Faili tupu ninalo, ukitaka sema nikutumie, ila limiti za kazini utajaza mwenyewe kwa manyuo (kitabu cha taratibu) ya kampuni yako.