Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Bado Wananunua CD za Hevi Metali?

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anayeishi Hamburg ana kabati zima la CD za hevi metali, na kila mwezi huongeza nyingine za mitumba, ilhali albamu hizo zote anazipata kwenye simu yake. Majuzi amenunua kwa bei kubwa CD ya mwimbaji Ozzy Osbourne ambayo tayari alikuwa nayo. Je, huu si ukaidi tu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ukaidi kidogo haukosekani kwa mashabiki wa muziki huo, lakini kuhusu Ozzy huenda kaka yako ana hoja. Mwaka 2002 albamu *Blizzard of Ozz* na *Diary of a Madman*, ambazo zilirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilitolewa upya zikiwa zimeondolewa gitaa la besi la Bob Daisley na dramu za Lee Kerslake, wanamuziki waliokuwa wamemshtaki Ozzy kwa sababu ya mirabaha, yaani malipo ya mauzo ya muziki, na sehemu zao zikapigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Upigaji wa awali ulirudishwa katika toleo la 2011. Katika miaka hiyo ya kati, aliyetaka kusikia albamu kama zilivyotoka studioni ilimbidi atafute nakala iliyochapwa kabla ya 2002.

Kisa hicho si cha pekee. Mwaka 2004 Dave Mustaine wa Megadeth alizichanganya upya sauti za vyombo na uimbaji katika albamu za kundi lake, na katika *Rust in Peace* ya 1990 akaimba tena baadhi ya sehemu. Wapo wanaolipenda toleo hilo, mimi simo. Nyimbo za kwenye simu hubaki chini ya mamlaka ya mwenye haki, ambaye anaweza kuliondoa toleo moja na kuweka jingine pasipo kumwarifu msikilizaji, ilhali CD ikishachapwa imechapwa.

Hata hivyo, CD yenyewe haihakikishi sauti nzuri. Metallica walipotoa *Death Magnetic* mwaka 2008, sauti ilikuwa imekandamizwa ili isikike kubwa mfululizo, kiasi kwamba gitaa na dramu zilikwaruza, na mashabiki wakagundua kuwa nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika safi zaidi. Ndiyo maana wajuzi huulizia CD za miaka ya 1980, kabla mashindano ya kutoa CD zenye sauti kubwa kuliko za wengine hayajapamba moto. Wengine hufuata matoleo ya Japani kwa ajili ya nyimbo za nyongeza, ambazo kampuni za huko ziliziweka ili wanunuzi wasikimbilie CD za bei nafuu kutoka nje.

Kuhusu fedha zake, tahadhari moja. Baadhi ya CD zilizochapwa katika kiwanda cha PDO kilichokuwa Blackburn, Uingereza, kati ya mwaka 1988 na 1993 hivi, hubadilika rangi na kuwa za shaba kuanzia ukingoni, na hatimaye hushindwa kusomeka. Kabla ya kulipa, aangalie maandishi madogo yanayozunguka tundu la katikati, na akiona jina la kiwanda hicho pamoja na wekundu pembeni, airudishe kwa muuzaji.