Jibu: Iringa mjini kwa wikendi, inafaa?

Mkuu, umeuliza kama Iringa mjini inastahili wikendi nzima au ni pa kupita tu ukielekea Mbeya. Inastahili, tena sana. Wengi huishia kuiona Ipogolo, kule chini kwenye barabara kuu, kupitia dirisha la basi, kumbe mji wenyewe uko juu mlimani. Jumamosi nenda makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya mji, ukaone fuvu la Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Usipite haraka pale, muulize mwelekezaji akusimulie. Jioni panda jiwe la Gangilonga, mji wote unauona chini yako. Jumapili ni Isimila, bonde la kale nje ya mji: nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za watu wa kale. Vaa raba, bondeni kuna mchanga na kokoto. Hifadhi ya Ruaha iache, inataka safari yake. Na kama ni Juni au Julai, beba sweta zito.