Vijidudu Vyeusi Ndani ya Majani ya Nyanya

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa nyanya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Tangu msimu uliopita majani ya nyanya zangu yana mabaka meupe kama yaliyobabuka kwa moto, na nikiyaelekeza juani naona kiwavi akitembea katikati ya ngozi mbili za jani. Juzi nilipasua jani moja nikakuta, badala ya kiwavi, kifukofuko cheupe kidogo kuliko punje ya mchele. Majani mengine niliyoyafungia kwenye chupa yalitoa vijidudu vyeusi vyenye mabawa, mithili ya sisimizi. Jirani yangu anasema hao ndio wazazi wa kiwavi na niwapulizie dawa upesi. Je, ni kweli? Na watoto wanaonisaidia kuchuma hawataumwa nao?

JIBU: Ulifanya vyema kuyafungia majani hayo chupani kabla ya kuchukua pampu, kwa maana jirani yako amemshika asiyehusika. Mzazi wa kiwavi huyo ni nondo mdogo wa kijivu, mwenye magamba laini kwenye mabawa, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta na wakulima wengi wa Tanzania humwita kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aligunduliwa Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa amekwisha kuingia Kenya na Tanzania. Mdudu mweusi mwenye kiuno chembamba na mabawa maangavu ni nyigu, na kilichomlisha hadi akakua ni mwili wa kiwavi wako.

Nyigu jike huvutwa na harufu inayotolewa na jani lililotafunwa. Akishafika, hupapasa jani kwa papasi zake hadi atambue mahali kiwavi alipo, kisha huchoma ngozi ya jani kwa mrija wake wa kutagia na kuliingiza yai mwilini mwa kiwavi. Mwili huo una kinga ambayo ingeweza kulizingira yai na kuliua, lakini nyigu wa kundi hili hutaga pamoja na virusi wanaovibeba wenyewe, navyo huidhoofisha kinga hiyo. Binafsi sijui hila nyingine ya wadudu inayonistaajabisha kuliko hii. Buu la nyigu hukua polepole ndani ya kiwavi aliye hai, na mwishowe hutoka na kujifumia kifukofuko kama hicho ulichokikuta. Wapo nyigu wengine, kama Bracon nigricans, ambao humpooza kiwavi kwanza na kutaga juu ya ngozi yake, hivyo mabuu yao humla kutoka nje.

Nyigu wa aina hiyo ya kwanza, Dolichogenidea gelechiidivoris, aliletwa Nairobi kutoka Peru mwaka 2017 na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, na baada ya kuchunguzwa akaachiliwa mashambani Kenya, Uganda na Ethiopia. Alifuatwa huko mbali kwa sababu nondo aliyehamia nchi ngeni huwa amewaacha nyuma maadui wake wa asili.

Sasa sikiliza jambo linalowaponza wakulima wengi. Kiwavi aliyetagiwa yai huendelea kula kwa siku kadhaa, na mkulima anapoona mabaka yanaongezeka huamini kwamba nyigu hawafanyi kazi, akapuliza sumu. Sumu hiyo humkuta kiwavi amejificha chini ya ngozi ya jani, tena mara nyingi akiwa wa ukoo uliokwisha kuizoea, ilhali nyigu mzima anatembea juu ya jani bila kinga yoyote. Faida ya nyigu huonekana katika kizazi kinachofuata: kila kiwavi aliyeliwa ni nondo mmoja pungufu, na nondo jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260.

Ikiwa ni lazima upulize, chagua dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis, inayomdhuru kiwavi anayeila na isiyomgusa nyigu mzima, na uiwahi viwavi wakiwa bado wadogo. Mitego ya feromoni, yaani yenye harufu ya kumvuta nondo dume kama ile ya jike, nayo huwanasa nondo dume peke yao. Majani yenye mabaka usiyachome moto yote kwa pamoja. Yaweke katika ndoo iliyofunikwa kwa wavu wenye matundu yanayompitisha nyigu na kumzuia nondo, ukijaribu kwanza kwa wadudu wachache kabla ya kuuamini wavu huo. Pembeni mwa shamba acha mistari michache ya dania itoe maua, kwa sababu nyigu mzima hunywa nekta, na asipoipata huishi muda mfupi. Mnavu unaojiotea kando ya shamba uukague pia, kwani kantangaze huzaliana humo nyanya zikiisha.

Matunda yaliyotobolewa usiyaache ardhini. Yafunge katika mfuko wa plastiki na uuanike juani, maana humo nyigu ni nadra kumfikia kiwavi.

Kuhusu watoto, waache wachume bila wasiwasi. Nyigu huyu ana urefu wa milimita mbili au tatu tu, hajengi kiota cha kulinda, na mrija wake ni wa kutagia viwavi.