Muulize Daktari: Je, Ikulu Inazeesha?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Kila nikifika kwenye mada ya uongozi, wanafunzi hunionyesha picha mbili za Barack Obama: moja ya siku alipoapishwa Januari 2009, nyingine ya mwisho wa muhula wake wa pili. Ya kwanza nywele nyeusi tii, ya pili mvi tupu. Wanadai kila mwaka mmoja wa Ikulu ni sawa na miwili ya mtu wa kawaida. Hilo lina ukweli wa kitabibu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hesabu hiyo ya mwaka mmoja kuwa miwili ina mwenyewe: daktari wa Kimarekani, Michael Roizen. Magazeti yaliidaka kwa furaha kwa sababu inaendana na picha. Basi tuanze na hizo picha. Obama aliapishwa akiwa na miaka 47, akaondoka akiwa na 55. Hiyo ndiyo miaka ambayo wanaume wengi huota mvi, wawe marais, wawe madereva. Mimi nilibadilika hivyohivyo, na cheo changu kikubwa kilikuwa kusimamia wodi moja.

Tena anayezipanga picha hizo pamoja ana nia yake. Ya kwanza anaichukua kwenye sherehe, mtu amecheka, taa nzuri. Ya pili anaitafuta katikati ya kikao kirefu, mtu ameinamia makaratasi. Ukitaka kujua umri wa kiongozi mtazame shingo na migongo ya mikono, kwa sababu wapambaji wa televisheni huishia usoni. Rangi ya nywele usiihesabu kabisa. Gerhard Schröder akiwa kansela wa Ujerumani, mwaka 2002, alikwenda mahakamani kulizuia shirika moja la habari lisirudie madai kwamba anapaka nywele rangi, na akashinda kesi. Mtu haendi mahakamani kwa jambo asilojali.

Upo ushahidi mmoja usio na hila ya kamera. Abraham Lincoln, rais wa Marekani, alipakwa plasta usoni mara mbili ili sura yake ichukuliwe kama ilivyo: mwaka 1860, kabla hajachaguliwa, na mchongaji Leonard Volk, na Februari 1865, wiki chache kabla hajauawa, na Clark Mills. Ni miaka mitano tu, lakini ukiziweka sura hizo bega kwa bega utadhani ni mtu na baba yake. Ya pili mashavu yamebonyea na macho yamezama. Ila katikati hapo palikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Februari 1862 Lincoln alifiwa na mwanawe Willie, mtoto wa miaka 11. Sasa ile mikunjo tuiandikie nani: ofisi, vita au msiba? Mimi siwezi kuvitenganisha, na sidhani mwili wake ulivitenganisha.

Kwa hiyo tuache nyuso, tuhesabu miaka ya kuishi. Mwaka 2011 mtafiti wa uzee, S. Jay Olshansky, aliwachukua marais 34 wa Marekani waliokufa bila kuuawa. Kati yao 23 waliishi zaidi ya ilivyotarajiwa kwa wanaume wa rika lao na zama zao. Baada ya hapo Jimmy Carter, aliyetoka madarakani mwaka 1981, akaishi hadi miaka 100. Ali Hassan Mwinyi, rais wa Tanzania kwa miaka kumi, alifariki mwaka 2024 akiwa na 98. Ungesimamia hapo, ungesema urais ni dawa ya uhai mrefu.

Lakini wanafunzi wako wasikuache hapo. Mwaka 2015 Anupam Jena na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza hesabu ya aina nyingine. Walikusanya wagombea 540 kutoka nchi 17, tangu mwaka 1722: 279 walioshinda wakatawala, na 261 walioshindwa na hawakuwahi kutawala. Baada ya kuweka sawa tofauti za umri, walioshinda waliishi pungufu ya wenzao kwa takriban miaka 2.7.

Tafiti hizo mbili hazipingani. Ya kwanza inampima rais dhidi ya mwananchi wa kawaida, na hapo rais hushinda kwa sababu alikuwa ameshashinda kabla ya kura: amesoma, ana kipato, na ana daktari wa kumfuata hadi uwanja wa ndege. Ya pili inampima dhidi ya mtu wa tabaka lake, mwenye tamaa kama yake na daktari kama wake, aliyekosa kiti tu. Hapo ndipo bei ya kiti inaonekana. Ipo, na si ndogo. Ila haifiki mwaka mmoja kwa miwili. Kwa mtu aliyetawala miaka minane, hiyo ya Roizen ingekuwa miaka minane ya ziada mwilini.

SWALI: Daktari, tulisoma kwamba Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa nywele zilimgeuka nyeupe usiku mmoja kwa hofu. Inawezekana?

JIBU: Si kwa namna hiyo. Unywele uliokwisha kutoka kichwani ni kitu kisicho na uhai. Hofu ya leo haiwezi kuupaka wala kuufuta rangi. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili unaoangusha nywele kwa ghafla, na mara nyingine huziangusha nyeusi na kuziacha nyeupe zilizokuwa zimejificha, basi watu huona kichwa kimegeuka. Huenda malkia alipatwa na hilo. Huenda pia alikosa tu mtu wa kumtunza nywele gerezani.

Msongo wa muda mrefu ni habari nyingine. Mwaka 2020 maabara ya Ya-Chieh Hsu, Chuo Kikuu cha Harvard, ilionyesha kwa panya kwamba mishipa ya fahamu inayotuamsha wakati wa hatari humwaga noradrenalini, kemikali ya mshtuko, kwenye shina la unywele na kuzimaliza seli zinazozalisha rangi. Zikiisha zimeisha. Kwa binadamu mambo yana nafuu kidogo: mwaka 2021 kundi la Martin Picard wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, liliona nywele chache zikirudia rangi yake, na kwa mshiriki mmoja nywele tano zilirudi nyeusi wakati alipokuwa likizo. Nywele tano, jamani. Msikimbilie kuomba ruhusa kazini.

SWALI: Pole na kazi, Daktari. Mimi ni katibu muhtasi wa kigogo serikalini. Kila mtu anamwonea huruma bosi kwamba amechoka. Akipiga simu saa nane usiku, anayeamka ni mimi. Yeye akishasema, analala. Nani anazeeka hapa?

JIBU: Asante nimeshapoa, binti yangu, na barua yako nimeipenda kuliko zote za mwezi huu. Wewe ndiye unayenipa wasiwasi.

Kuanzia mwaka 1967 watumishi wa serikali ya Uingereza, wanaume zaidi ya 17,000, walifuatiliwa afya zao katika utafiti unaoitwa Whitehall. Michael Marmot na wenzake walikuta kwamba wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinzi wa milango, walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wakubwa wa juu. Sigara na uzito vilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Marmot amelisisitiza jambo moja tangu hapo: nani ana uamuzi juu ya kazi yake. Mwaka 2012 Gary Sherman na Jennifer Lerner nao walipima kortisoli, homoni ya msongo, kwa maofisa wa jeshi na wa serikali ya Marekani. Wenye vyeo vya uongozi walikuwa nayo kidogo kuliko wasio navyo, na hofu yao ilikuwa ndogo pia. (Inawezekana watulivu ndio wanaopanda vyeo, hilo utafiti wa aina ile hauwezi kulikata.)

Mwili umeumbwa kukabili mshtuko kisha upoe. Moyo unadunda, sukari inapanda, kisha vyote vinashuka. Bosi wako akishatoa agizo, kwake jambo limeshuka. Kwako ndiyo limepanda, na huna wa kumshushia. Ninachokuandikia si dawa: panga naye, kwa maandishi, usiku ambao simu itapokewa na mtu mwingine. Ukipata siku mbili kwa wiki za kulala mfululizo umepata kitu. Akikataa, angalau utakuwa umejua unafanya kazi na nani.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mume wangu anagombea kiti cha juu na ana miaka 61. Usiku analala kwa muda wa saa nne tu, anasema wakubwa wote wa dunia walilala hivyo. Kupimwa presha hataki, kwa sababu wapinzani watajua. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie habari za Franklin Roosevelt, rais wa Marekani. Wakati wa vita vya pili vya dunia, daktari wake mkuu, Ross McIntire, alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo, na aliuambia umma kwamba rais yu mzima. Machi 1944 akaitwa daktari wa moyo, Howard Bruenn, akakuta presha 186/108 na moyo unaoshindwa kusukuma damu. Mwezi Novemba mgonjwa huyo akachaguliwa kwa muhula wa nne. Presha iliwahi kufika 260/150. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma, na kabla ya jioni alikuwa amekufa kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 63. Dawa nzuri za presha hazikuwepo wakati ule. Walimpa digitalisi, dawa ya moyo, wakampunguzia chumvi na sigara, wakamwambia apumzike. Leo vidonge vipo kila mahali, kwa hiyo mumeo hana kisingizio alichokuwa nacho Roosevelt.

Siri ailinde, ila aipime nyumbani. Nunueni mashine ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kwenye kifundo cha mkono. Akae dakika tano bila simu, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku saba. Ya siku ya kwanza mziache, nyingine mtafute wastani. Ukiwa 135/85 au zaidi, aonane na daktari. Akifika 180/120 na kifua kinabana, au mkono umelegea, au ulimi unakuwa mzito, hapo hakuna cha wapinzani, ni hospitali saa ileile. Akiendelea kukataa, anza kumpima meneja wake wa kampeni mbele yake, usome namba kwa sauti. Sijawahi kuona mwanasiasa aliyekubali kupitwa kwa lolote.