Nikipunguza misaipresi, si napoteza kaboni?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Niko Kibosho, Moshi, nina heka moja ya misaipresi, nilipanda mita 2 kwa 2, huu mwaka wa 9 na miti imekuwa mirefu ila myembamba. Bwana misitu anasema nipunguze nusu. Sasa hii kaboni tunayoambiwa miti inahifadhi, nikikata si naitoa yote?

JIBU: Salama kaka. Mita 2 kwa 2 ni kama miti elfu moja kwa heka, hapo ndo tatizo lilipoanzia. Urefu haujali sana msongamano, mti utapanda tu kutafuta jua, kinachoumia ni unene. Kata mmoja dhaifu uangalie kisiki, utaona pete za katikati ni pana halafu kuelekea gome zimebanana mpaka unazihesabu kwa ncha ya kucha, zilipoanza kubanana ndo matawi yalipogusana na jirani.

Kwenye kaboni sikudanganyi, siku chensoo ikiingia kaboni iliyosimama shambani inashuka, na shamba lisiloguswa mara nyingi linabeba nyingi kuliko lililopunguzwa. Ila kwa msongamano huo miti dhaifu itaanza kufa yenyewe, itaoza na hewa ukaa itarudi juu bila wewe kupata hata mrunda mmoja. Ukipunguza, maji na jua vinaenda kwa iliyobaki. Chukua tepu uzungushe mti kwenye kifua, mita 1.3 toka chini, ukipata sentimita 63 ujue upana wake ni 20, na hapo mti mmoja wa 20 una eneo la shina likikatwa sawa na minne ya 10, tena huo unatoa mbao, ile minne ni fito tu.

Hesabu yenyewe: gogo bichi la kilo 200, karibu nusu ni maji, zinabaki kama 100 kavu, nusu yake hivi ndo kaboni, kilo 50. Zidisha kwa 3.67, maana kaboni ikishikana na oksijeni uzito unaongezeka, unapata kilo 183 za hewa ukaa. Ukilifanya kuni zote zinarudi angani jioni hiyohiyo, ukilifanya kenchi zinakaa juu ya bati lako miaka na miaka (mchwa wakikuruhusu).

Mimi nusu kwa mkupuo nisingekata. Miti myembamba iliyozoea kuegemeana ukiiachia ghafla upepo unailaza, fanya awamu mbili, ukianza na iliyopinda, yenye panda na iliyofunikwa. Matawi usichome, yaache yaozee palepale. Ukipogolea iliyobaki, usiondoe zaidi ya nusu ya majani mabichi maana ndo jiko la mti. Halafu weka alama ya rangi kwanza kabla fundi wa chensoo hajafika, saipresi sio mkaratusi, kisiki chake hakichipui tena, akikosea ndo imetoka hiyo.